Stubborn, obstinate, dogged: mbona kamusi inayaita yote ukaidi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, na barua pepe za wateja wa nje huwa naziandika mimi. Juzi nilimwandikia mteja wa Uingereza kwamba wafanyakazi wetu ni "stubborn" katika kufuatilia kontena lake, nikikusudia kusema hawachoki wala hawakubali kurudishwa. Mkubwa wangu akacheka, akalifuta, akaweka "persistent". Chini kidogo nilikuwa nimemwita afisa mmoja "obstinate". Hilo nalo akalifuta, safari hii bila kucheka. Kamusi yangu inanipa "kaidi" kwa karibu yote: stubborn, obstinate, headstrong, pig-headed, wilful. Je, yana daraja, hili jepesi na hili zito? Tena mwanangu wa Gredi ya Nne, mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba ni "a headstrong boy". Nifurahi au nikasirike?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la daraja, maana ndilo linalowapoteza wengi. Hapana, maneno haya hayapangiki kutoka jepesi hadi zito. Ukiyapanga hivyo utadhani "obstinate" ni "stubborn" aliyezidi kidogo, na "pig-headed" ni "obstinate" aliyepindukia. Watu wawili wenye ukaidi wa kiasi kimoja, kwenye jambo moja, wanaweza kuitwa majina mawili tofauti, kisha majina hayo yakabadilishana pindi msemaji akibadilika. Kila neno hapa linabeba habari za watu wawili: anayesemwa na anayesema. Kamusi yako imekupa habari za huyo wa kwanza tu.

Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, alilionyesha hili kwa mzaha mwaka 1948 katika kipindi cha redio cha BBC. Alichukua tabia moja akaipitisha kwenye nafsi tatu, kama mwanafunzi anayekariri kitenzi: mimi ni "firm", wewe ni "obstinate", yeye ni "a pig-headed fool". Angalia ni nani aliyepewa tusi. Ni yule asiyekuwepo. Nafsi ya pili yuko mbele yako, kwa hiyo unamlaumu huku unapima ulimi. Nafsi ya tatu hayupo na hana wa kumtetea. Nasi barazani tunafanya vivyo hivyo kila jioni: mimi nina msimamo, wewe mbishi, fulani yule kichwa kigumu.

Historia ya Pwani ina mfano ulio wazi. Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama mwaka 1913 wapinge kodi na vijana wao kuchukuliwa kazi na serikali ya Kiingereza. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii, magharibi kabisa ya nchi. Mwaka 1914 akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Kisa hicho ukimpa karani wa serikali ya wakati ule akiandike, kalamu yake itaelekea "obstinate", "refractory" au "headstrong". Mpe mwanahistoria wa leo, ataandika "resolute" au "steadfast". Na wote wawili Kiingereza chao kitakuwa safi.

Sasa tulitazame "stubborn" lenyewe. Hili ndilo pana kuliko mengine, linakaa kwa mtu, kwa mnyama na hata kwa kitu. Doa lisilotoka kwenye kanzu ni "a stubborn stain". Kikohozi kisichoisha na kufuli isiyokubali ufunguo navyo huingia humo. Hapo Kiswahili chake si ukaidi hata kidogo, ni usugu: doa sugu, kikohozi sugu. Na kwa kuwa neno linalikalia hata doa, ambalo halina nia wala kiburi, basi kiini chake hakiwezi kuwa ubaya wa nia. Kiini chake ni kutobadilika. Kitu kinasukumwa, hakiendi.

Ndiyo sababu "stubborn" huweza kugeuka sifa, ikiwa anayesukuma ndiye mbaya au mwenye nguvu kupita kiasi. Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika "stubborn resistance" juu ya waliokuwa ndani ya ngome, na hapo hajawatukana, amewapa heko. Lakini tazama: katika mifano yote hii kuna nguvu inayotoka nje, iwe sabuni, dawa, ufunguo au jeshi. Pasipo anayesukuma, "stubborn" linabaki linaning'inia.

Hapo ndipo sentensi yako ilipoteleza. Mteja anasoma kwamba wafanyakazi wenu ni "stubborn", anaanza kutafuta ni nani anayewasukuma nao hawaendi, na mtu pekee anayemwona ni yeye mwenyewe. Kwani wamekataa maagizo yangu? Mkubwa wako alicheka kwa sababu umesifu ofisi kwa neno linaloonyesha kwamba imemgomea mteja. "Persistent" hutoka upande wa pili: mtu anakwenda mwenyewe, anarudishwa, anakwenda tena. Mmoja amekataa kutoka alipo, mwingine amekataa kubaki alipo. Ukitaka kipimo kimoja cha haraka kabla ya kuchagua neno, jiulize hilo kwanza, anakataa au anafuata, na nusu ya kamusi itajitenga yenyewe.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo nadhani lilichangia. Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimelipa "stubborn" kazi ya ziada. Mtoto anayepanda meza, anayemwaga maji na kumvuta paka mkia, sisi tunamwita "stubborn". Kwa Mwingereza huyo ni "naughty", mtundu tu, na huenda hata hajaambiwa aache. Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri, na sioni haja ya kumsahihisha mama yeyote wa Kisauni. Tatizo huja pale neno linapovuka bahari.

"Obstinate" ni la binadamu zaidi kuliko la vitu. Asili yake ni Kilatini, kwenye mzizi wa kusimama: mtu amesimama mbele ya jambo na hapishi. Linachoongeza juu ya "stubborn" ni hoja. Kumwita mtu "obstinate" ni kudai kwamba ameshaelezwa, ameshaonyeshwa, sababu zote zimemwagwa mezani, na bado. Ndani ya neno kuna dai la chinichini kwamba mimi niliyemweleza ndiye niliye sawa. "Stubborn" inaweza kuwa tabia ya mtu toka utotoni, hali "obstinate" mara nyingi hufungwa na tukio: alikuwa hivyo kuhusu bei, kuhusu tarehe, kuhusu karatasi fulani.

Mkubwa wako hakucheka hapo kwa sababu barua pepe huzunguka. Mteja huituma kwa wakili wake, wakili humtumia mwingine, na siku moja inafika mezani kwa afisa uliyemtaja. Umemhukumu mtu kwa maandishi, na katika neno hilohilo umejipa ushindi. Mimi kwenye barua za kazi huwa naacha vivumishi vya namna hii kabisa nikatumia vitenzi: "the officer insists on seeing the original document", au "the officer maintains that the declaration is incomplete". Vitenzi hivyo vinasema alichofanya. Kama huo ni ukaidi au ni kazi anayolipwa kuifanya, mteja ataamua mwenyewe.

Turudi upande wa wanaofuata. "Persistent" alilokuwekea mkubwa wako ni sahihi, ingawa nalo lina makali yake: muuzaji asiyekubali kuambiwa hapana ni "persistent", na mvua isiyokatika pia. Lingeweza kukaa "tenacious", kutoka kwenye neno la Kilatini la kushika. Huyo akishika haachii, hata anayeshindana naye akiwa na nguvu zaidi, na mwandishi mara nyingi yuko upande wake. Lina ndugu yake, "pertinacious", wa mzizi uleule wa kushika, ila huyu amekuwa kero: ndiye anayekupigia simu mara ya sita kuuliza jambo ulilomjibu mara ya kwanza. Silabi moja mbele na sifa imekuwa lawama. Siku hizi utalikuta vitabuni zaidi kuliko midomoni.

Ninalolipenda mimi kwenye kundi hili ni "dogged". Limetokana na mbwa, na mtu wa Mombasa akisikia hivyo hukunja uso papo hapo, maana kumfananisha mtu na mbwa kwetu ni kutafuta ugomvi. Kiingereza nacho kilianzia hukohuko. Kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inalieleza "dogged" kwa maana za kununa, uchungu na ubaya wa tabia. Sifa haimo. Baada ya hapo macho ya wasemaji yakahama kutoka kwenye meno ya mbwa yakaenda kwenye namna anavyofuata windo: pua chini, hachoki, harufu haimpotei. Leo "dogged" ni sifa, na huandamana na maneno kama "determination" na "persistence". Lakini ni sifa isiyo na raha ndani yake. Mtu "dogged" hana kipaji cha kushangaza wala bashasha. Hamali anayepandisha mkokoteni wa viazi kwenye jua la Februari, kichwa chini, hatua baada ya hatua, huyo ni "dogged". Kwa mgaagaa na upwa, yule asiyekula wali mkavu, ningechagua "persistent", maana yeye anazunguka, anajaribu hapa, anajaribu pale. "Dogged" ana njia moja tu, na ni ya kupanda. Ndiyo maana singekushauri ulitumie kwenye barua ile. Mteja angejiuliza ni taabu gani hiyo wanayoipata watu wenu kutoa kontena moja.

Usidhani mchezo huu wa neno kubadili uso ni wa Waingereza peke yao. Chukua mzizi wetu wa "shupaa", kukakamaa. Ukisema mtu ni mshupavu umemsifu: hatishiki, hayumbi. Sasa sema ameshupaza shingo. Mzizi ni uleule, na mtu yuleyule amekuwa asiyeonyeka. Msemo huo umo katika Biblia ya Kiswahili, pamoja na ule wa watu wenye shingo ngumu, na Kiingereza kina "stiff-necked" kutoka kwenye Biblia hiyohiyo. Wote wawili wamerithi picha ya shingo kutoka Kiebrania. Kwa Kiingereza cha leo "stiff-necked" lina harufu ya kanisa na ya kiburi, na si neno la ofisini.

Methali zetu nazo zimetenganisha mambo ambayo kamusi yako imeyamwaga kapu moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: huyo ni "headstrong", kwa sababu amekwenda mahali, ndipo guu likavunjika. Sikio la kufa halisikii dawa: huyo ni "obstinate". Dawa ipo, imeletwa, imekataliwa. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, huyo naona anakaa na "wilful", ingawa mtu mwingine anaweza kubishana nami.

Kwa hiyo twende kwa mwanao. "Headstrong" ni wa kufuata, si wa kukataa. Ana mbio zake. Ameamua jambo kabla wakubwa hawajamaliza kusema, na ameshafika katikati. Mvulana anayeambiwa bahari imechafuka leo kule ufukweni Mama Ngina, naye anaruka huku bado anaambiwa, ndiye huyo. Neno hili limezoea vijana, na limezoea farasi asiyesikia hatamu. Huwezi kulipa doa wala kikohozi, na kumpa mzee wa miaka 70 ni nadra, kwa sababu linachukulia kwamba damu bado ina moto na akili itakuja. Ndani yake mna onyo, na mara nyingi mna mapenzi kidogo. Mwalimu aliyemchoka mwanao angeandika "disobedient" au "difficult". Aliyeamua kuwa mpole kupita kiasi angeandika "strong-willed", ambalo siku hizi wazazi hulipokea karibu kama tuzo. Huyu ameandika kilicho katikati. Nenda ukamuulize ni tukio gani lililomfanya aandike hivyo. Neno peke yake halikupi sababu ya kukasirika.

Angeandika "wilful" ningekushauri uende mapema zaidi. "Wilful" ni yule anayeijua kanuni, anajua umemwona, na anaivunja makusudi. Mahakamani neno hili lina uzito wa pekee: "wilful damage" ni uharibifu wa kukusudia, na mwendesha mashtaka lazima athibitishe ile nia. Mtoto "headstrong" hakukusikia kwa sababu ya haraka yake. Mtoto "wilful" alikusikia vizuri sana.

Na kwa kuwa tumefika kichwani, kuna mtego mmoja ambao wanafunzi wangu wa Pwani na wa bara huuingia sawasawa. Kichwa kigumu, au kitwa kigumu kama wazee wa Mji wa Kale wanavyotamka, kwetu ni mtu asiyesikia, na wakati mwingine ni mwanafunzi ambaye somo halimwingii. Wanageuza moja kwa moja: "hard-headed". Mmarekani anaweza kukuelewa. Mwingereza ataelewa kinyume kabisa. Kwake "a hard-headed businessman" ni mfanyabiashara makini, asiyepumbazwa na huruma wala maneno matamu, anayeangalia hesabu. Umekusudia kumlaumu mtu, umemsifu. "Big-headed" nalo halihusiani na ukaidi, ni majivuno. "Thick-headed" ni ujinga. "Headstrong" tumeshaliona. Vichwa vinne, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

"Pig-headed" ni kichwa cha tano. Kwa masikio ya Kiislamu nguruwe huja na najisi, na ukiligeuza neno hili kwa Kiswahili utapata tusi zito kuliko alilokusudia Mwingereza. Nguruwe wa Kiingereza hapa hana uharamu. Ana upumbavu tu, na mwili usiosogea ukiusukuma. Kwa hiyo ni ukaidi pamoja na ujinga, na ni neno la mdomoni, la hasira ya nyumbani au ya kandanda. Ukilisikia kwenye sinema usilishtukie sana, wala usiliandike kwenye karatasi ya kazi. "Mulish" ni la mnyama pia, yule mzaliwa wa punda na farasi tunayemwita baghala, na vitabu vingine humwita nyumbu, kiasi cha wanafunzi kudhani Waingereza wanawasema nyumbu wa Mara. "Mulish" ni ukaidi wa kununa: amesimama, hasemi sababu, haendi.

Lipo kundi la maneno yasiyopima ukaidi wenyewe. Yanapima nani yuko chini ya nani. Hili wanaojifunza Kiingereza hulikosea kuliko yote, na ndilo ningependa ulishike.

"Recalcitrant" limetokana na neno la Kilatini la kisigino: kupiga teke nyuma. Fadhila za punda ni mateke, na wa kupiga teke ni yule aliyefungwa kamba. Kwa hiyo "recalcitrant" husemwa na aliye juu juu ya aliye chini: mwanafunzi, mfungwa, mfanyakazi, shahidi. Wewe huwezi kumwita afisa wa forodha "recalcitrant", hata akufanyie nini, kwa sababu hayuko chini yako. "Refractory" ni hivyohivyo, na limebaki zaidi katika sheria, tiba na ufundi. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai ina kifungu cha "refractory witnesses", mashahidi wanaokataa kuapa au kujibu. Madaktari hulitumia kwa ugonjwa usiosikia dawa. Na tanuri za saruji, za Bamburi zikiwemo, hutandikwa ndani kwa "refractory bricks", matofali yanayostahimili moto bila kuyeyuka. Tofali hilo halina kosa lolote, limenunuliwa kwa sababu hiyohiyo.

"Intransigent" ni la watu wa hadhi sawa, walioketi meza moja kutafuta mapatano. Lilikuja Kiingereza karne ya 19, asili yake ni jina la kundi la wanajamhuri wa Hispania wa miaka ya 1870 ambao hawakutaka suluhu na mtu. Ukitaka kuona tofauti, fikiria mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli wakiwa wameacha kazi. Mwajiri anayewaona wagomaji kama watu wa kuamrishwa atasema wafanyakazi ni "recalcitrant". Siku atakapokubali kuketi nao na mazungumzo yakakwama, atasema viongozi wao ni "intransigent". Lawama haijapungua, lakini amewapandisha cheo bila kujua. Katika kazi yako neno hili lina nafasi: kampuni ya meli isiyotaka kupunguza hata shilingi moja ya gharama za kontena lililochelewa unaweza kusema msimamo wake ni "intransigent". Sema msimamo, "position", usiseme mtu, na hakuna atakayekulaumu.

"Obdurate" linakwenda moyoni. Kilatini chake ni ugumu, na picha ninayoipata mimi ni ya Firauni: ishara zinakuja, watu wanalia, moyo haulegei. Anayekataliwa na mtu "obdurate" hakuja na hoja, alikuja na ombi. Mwenye nyumba asiyesikia kilio cha mpangaji mjane ni "obdurate", na mtoto aliyekataa uji hawezi kuwa.

"Adamant" watu huliogopa bure. Limetokana na jina la Kigiriki la jiwe gumu lisiloshindika, ambalo ndilo lililozaa pia "diamond". Kwa njia ya Kiarabu jina hilohilo lilifika kwetu likawa almasi, kwa hiyo hilo ni binamu unayemjua. Halina lawama nyingi. Hutumika kwa kauli moja iliyoshikiliwa: "he is adamant that he paid", yaani anasisitiza kwamba alilipa na hatetereki. Ni neno unaloweza kumwandikia hata mteja kuhusu afisa, mradi useme anasisitiza nini.

Yaliyobaki nayapita haraka. "Bloody-minded" ni la Waingereza na halina damu. Ni yule anayezuia jambo ili tu wewe usipate, na sisi tuna neno lake kamili, inda. "Bolshie" ni la Uingereza pia, mtoto wa neno Bolshevik, husemwa kwa mtu mgomvi asiyetaka kuamrishwa. "Ornery" ni la Wamarekani na limetokana na "ordinary", utalisikia kwenye sinema za wachunga ng'ombe. "Contumacious", la anayekaidi amri ya mahakama, mwachie wakili.

Mwisho ni matamshi, maana huenda ukayasoma haya kwenye mkutano. "Dogged" ya sifa ina silabi mbili, do-gid, lakini kitenzi chenye tahajia hiyohiyo, cha kuandamwa na jambo, kina silabi moja. "Obstinate" mkazo uko mwanzoni, na mwisho ni "nit", si "neiti". "Contrary" ikiwa na maana ya kinyume, mkazo uko mwanzoni. Ikiwa ni mtoto anayepinga kila analoambiwa, mkazo huhamia silabi ya pili. Na "wilful" Waingereza huandika kwa l moja katikati, Wamarekani kwa mbili. Mteja wako ni wa Uingereza, kwa hiyo moja inatosha.